Mama Asiye na Meno ya Mbele

Pikipiki ilikufa kwenye mteremko wa mwisho, ziwa la Nzilo likiwa limekwisha kuonekana kule chini, na agenti Lucien akaipiga teke kana kwamba ndiyo iliyosahau kununua mafuta.

"Nilikuambia tupite ku pompe," Inspekta Domitille alisema, akivua kofia ngumu.

"Mama Inspekta, kipimo kilionyesha nusu."

"Kile kipimo kinaonyeshaka nusu tangu nilihamia Kapata. Sukuma."

Lucien akasukuma, akinung'unika, na Domitille akatangulia kwa miguu. Hakuwa na muda wa kucheka. Asubuhi ile Tata Kyungu, shefu wa kijiji cha Mukonda, alimpigia simu kwa sauti ya mtu anayejificha nyuma ya nyumba yake mwenyewe. Mtoto amepotea, alisema. Msichana wa Mama Yolande, yule Joyeuse. Kuna mgeni mmoja, tumemfungia kwenye stoo ya samaki. Njoo upesi, vijana wangu wameanza kupandwa na wazimu.

Mukonda si kijiji cha wazimu. Ni nyumba chache za udongo na mabati ukingoni mwa maji, watu wanavua, wanakausha, wanauza Kolwezi, Jumapili wanakwenda misa au ibada, basi. Habari kubwa ya mwaka uliopita ilikuwa mbuzi wa katekista aliyekula kitambaa cha altare. Lakini Domitille alipofika uwanjani alikuta watu wamesimama kwa duara mbele ya stoo, na katikati kijana mmoja mpana wa mabega, Mukalay, mvuvi, ameshika bidoni ya manjano. Harufu haikuhitaji kuelezwa.

"Mama Inspekta," Lucien alinong'ona, jasho likimtoka, "ile ni petroli."

"Nina pua."

Alimwendea Mukalay moja kwa moja, akatabasamu, akanyosha mkono kuchukua bidoni kama mtu anayepokea mzigo wa mgeni. Kijana, kwa mazoea ya kulelewa vizuri, akamwachia kabla hajajua anafanya nini.

"Wee, Mungu akubariki," Domitille alisema kwa sauti ya kusikika na wote. "Mulijuaje kama pikipiki yetu inakauka? Lucien! Fungua tanki. Bavijana ba Mukonda batatusaidia."

Na mbele ya macho ya kijiji kizima, petroli ile ikamiminwa yote, gulu gulu gulu, ndani ya pikipiki ya serikali. Mwanamke mmoja akashindwa kujizuia, akacheka. Halafu mwingine. Mukalay alibaki ameshika hewa.

"Sasa," Domitille alisema, na tabasamu halikuwapo tena, "mutu akigusa huu mulango, mi namufunga yee. Tata Kyungu, tuanze."

Tata Kyungu alimpa kiti cha plastiki chini ya ukuta wa nyumba yake, akaeleza. Mgeni alifika juzi, na begi moja mgongoni, viatu vyekundu kwa vumbi la machimbo ya Mutoshi. Aliomba pa kulala, akapewa. Kisha akaanza kuzunguka.

"Alikuwa anatafuta nini?"

"Njo kile kilitutisha, Mama Inspekta. Kila nyumba anauliza maneno moja tu: 'Ninatafuta mama.' Mama gani? 'Mama yangu, balisema eko hapa Nzilo.' Tukamuonyesha bamama bazee bote. Hata ule wa kule mwisho, hasikie tena, haone tena. Anamuangalia, anasema: hapana, si yee."

"Na watu walisema nini?"

"Aaa, bantu! Bamoja banasema ni mutu wa kampuni, alikuya kutuhesabia mbele ya kutufukuza ku mayi ya ziwa. Bengine banasema ni mutu wa kutafuta bachawi, juu ya nini anachungulia bazee mu sura? Hatukulala muzuri."

"Endelea."

"Jana jioni, ku kisima, Yolande alikuwa na mutoto. Huyu mutu alisikia batoto bengine banamuita. Akamuangalia Joyeuse sana. Halafu akapiga magoti, pale mu matope, akapiga makofi pole pole, akasema: 'Mama.' Mutoto akakimbia. Leo asubuhi Yolande anapiga makelele: mutoto haiko mu nyumba."

"Kuna kitu chochote kilichoonekana?"

Mukalay, aliyekuwa amewafuata kwa aibu, akatoa mfukoni sandali moja ndogo ya bluu. "Mi njo niliiokota. Pa bandari, kando ya mabwato. Alimubeba mu bwato, mama. Ao alimutupa mu mayi." Akampa Domitille. "Ule mutoto ananiitaka yaya, kaka yake mukubwa."

Domitille aliigeuza sandali. Kamba yake ilikuwa imeshonwa kwa uzi wa nyavu, soli imeliwa kisigino. Ilikuwa kavu kabisa. Akaitia kwenye mfuko wake.

"Mabwato yote yako pale?"

Mukalay alifikiri. "Yote yako pale."

"Basi alimubeba mu bwato gani?"

Kijana akageuka ziwani, akaanza kuyahesabu upya.

Stoo ilikuwa na giza na harufu ya samaki wa moshi. Mgeni alikaa juu ya gunia, mdomo umepasuka, shati limechanwa bega. Kijana tu, pengine umri wa Mukalay. Aliposikia mlango akasimama haraka, akaweka mikono pamoja, akasalimia kwa heshima. Lucien aliyekuwa amekwisha kushika pingu akazirudisha kiunoni.

"Majina?"

"Omer, mama."

"Unatoka wapi?"

"Kwetu ni Malemba. Sasa ninachimbaka Mutoshi."

"Mutoto eko wapi?"

"Sijue, mama. Banipige tena, sijue."

"Uliamka wapi leo?"

"Kwa katekista. Tulilala chumba moja, na yee anakoroma. Mumuulize."

Lucien akatoka kuuliza, akarudi upesi. Katekista alikuwa amethibitisha yote isipokuwa kukoroma.

"Joyeuse ni nani kwako?"

"Ni mama."

"Omer." Domitille alikaa juu ya gunia la pili. "Katanga hapa kila musichana ni mama. Mutoto akilia barabarani, tunamuambia 'nyamaza, mama.' Mi pia, umekwisha kuniita mama mara ngapi? Nakuuliza vizuri."

"Na mi ninajibu vizuri. Bale bote ni mama ya mudomo. Yee ni mama."

Lucien akanguruma. Domitille akamwomba begi. Ndani mlikuwa na taa ya kichwa ya mchimbaji, suruali moja, mche wa sabuni, chumvi, na kitu kilichofungwa vizuri kwa karatasi. Alikifungua juu ya magoti. Kikwembe. Kitenge kipya, kizima, cha rangi ya kahawia na njano, lebo bado imebandikwa pembeni, aina ile ambayo mwanamke mwenye heshima zake anaivaa kwenda harusini au kanisani.

"Njo hii," Lucien alisema. "Zawadi ya kumudanganya mutoto."

"Lucien, wewe una binti. Ukitaka kumudanganya, utamununulia nini?"

"Bombo za sukari. Ao roba ndogo ya kuvaa, yenye maua."

"Na huyu amenunua kikwembe cha mama muzima. Ningekivaa mi mwenyewe, na mi si mudogo." Akamgeukia mgeni. "Mutoto wa miaka saba ataivaa namna gani hii? Itamumeza."

Kwa mara ya kwanza Omer alikaribia kutabasamu. "Atakomaa."

Domitille aliupitisha mkono juu ya kitambaa, akikunja, akikunjua. Nyumbani kwao, baba yake mzazi, mzee wa mvi, hadi leo humpigia simu na kuanza hivi: "Mama, umekula?" Maana Domitille alipewa jina la nyanya yake mzaa baba, na kwa baba yake jina ni mtu. Kila mtu wa Katanga anajua hilo. Lakini kijiji kizima kilisikia neno mama na kikaenda kutafuta mvi.

"Nani alikutuma?" aliuliza kwa sauti ya chini.

Omer aliangalia mlango. Nyuma ya mbao zake masikio yalikuwa yamejaa.

"Mama, kuko habari haisemewe ku mulango. Inaomba bantu bakae chini. Bakule. Mukubwa akuwe pale. Nilikuwa ninangojea kusema na huyu mama anamulea, jana jioni, lakini alifunga nyumba."

"Ni habari ya machozi?"

Akainamisha kichwa.

"Unaona?" Lucien alisema walipotoka. "Anakatala kujibu. Mi naona ni yee."

"Anakatala kujibu moja tu, na anaweza kuchomwa kwa kuikatala. Mutu wa namna hii haibe batoto, Lucien. Huyu anabeba kilio, na hajapata fasi ya kukitua." Akaweka mkono juu ya mfuko wenye sandali. "Twende kwa Yolande."

Mama Yolande alikuwa amekaa kwenye mkeka mbele ya nyumba yake, miguu imenyoshwa, kitambaa cha kichwa kimefunguka, wanawake wenzake wamemzunguka. Alikuwa anamwomba Mungu, anamlaani mgeni, anamwomba Mungu tena. Domitille alisimama akasikiliza. Alisikia majina ya watakatifu watatu na la ibilisi. La mtoto hakulisikia. Kutoka ziwani, kule walikokuwa wavuvi wawili wakipekua matete kwa miti, lilikuja bila kukoma: Joyeuse! Joyeuse ee!

"Pokea pole zangu, mama. Ninaomba kuona fasi mutoto analala."

Chumba kilikuwa safi. Mkeka mdogo, godoro jembamba la sponji, mto. Ukutani msumari ulio wazi. Ilikuwa majira ya baridi, zile asubuhi ambapo watu wa Lualaba wanaota moto wa mbabula kabla hata ya kusalimiana, na juu ya godoro la mtoto hapakuwa na blanketi. Domitille aliinama akaangalia chini ya mtungi wa maji, mahali ambapo udongo hukaa umelowa. Mguu mdogo ulikuwa umekanyaga pale, vidole vitano vizuri. Akatoa sandali, akaiweka juu ya alama. Kisigino cha alama kikabaki nje, na vidole pia.

"Ah bon," alisema peke yake.

Aliporudi nje aliwaomba wanawake waende kumsaidia shefu kupika, na Lucien asimame mbali kidogo, asigeuke. Akakaa kwenye mkeka karibu na Yolande, bega kwa bega.

"Mama Yolande, huyu mwizi ni mwizi wa huruma sana."

Yolande akavuta pua. "Huruma gani?"

"Alimubebea mutoto blanketi, asisikie baridi. Alimuvalisha viatu vizuri, vile vya ku msumari. Pa bandari akaacha sandali ya mwaka jana, ile haimuenee tena, juu mutoto asitembee miguu tupu." Akaiweka sandali juu ya mapaja ya mwanamke. "Mwizi hafanyi hivi. Mama njo anafanya hivi."

Kilio kilikatika kama bomba lililofungwa. Yolande aliitazama sandali. Mkono wake ukaanza kuisugua matope, pole pole, kwa kidole gumba.

"Majina yake yote ni nani?" Domitille aliuliza.

"Joyeuse."

"Yote."

"Joyeuse Kabemba."

"Kabemba ni nani?"

"Baba yake alisema ni majina ya mama yake mwenyewe. Mama ya baba. Alikufa kule kwao." Akafunga macho. "Nilijua, mama. Pale ku kisima, batoto balipoita 'Kabemba, leta ndoo,' huyu mutu akageuka. Halafu akapiga magoti. Hakuna mutu anapiga magoti mu matope mbele ya mutoto bule. Nilisema: Yolande, damu imefika. Bakuya kumubeba."

Ndipo yote yakatoka. Baba wa mtoto aliitwa Zéphirin, mchimbaji. Mkewe alikufa akijifungua, na yeye akaja Mukonda na kichanga ndani ya koti lake, kwa sababu mtu alimwambia kuna mama mjane ana mbuzi wa maziwa na hana mtoto. Alikuwa anakuja kila akipata nafasi, na sukari, na viatu vikubwa kuliko mguu. Halafu akaacha kuja.

"Nilisema labda alipata bibi mwingine. Labda alitusahau. Na mi, Mungu anisamehe, nilifurahi, juu mutoto alibakia wangu. Mi sikumuzaa, mama. Sina karatasi, sina nini. Bakisema bamubebe, nitasema nini?"

"Na petroli ya Mukalay? Ungesema nini?"

Yolande akaziba mdomo kwa mikono miwili. "Nilitaka bamufukuze tu. Naapa. Bamufukuze, akimbie, basi."

"Hawakuwa wanafukuza. Tungekuta majivu, na ungeishi nayo. Na Kabemba akikomaa, siku moja angekuuliza jina la yule mutu."

Mwanamke akalia sasa, na kilio hiki kilikuwa kingine kabisa, hakikuwa na watakatifu wala ibilisi. Domitille alimwacha alie. Alikuwa na hasira naye, na alikuwa na huruma naye, na hakuona sababu ya kuchagua.

"Eko wapi?"

"Ng'ambo. Kwa dada yangu anakausha samaki. Dada alimuchukua mbele ya jua kutoka, akarudisha bwato, akapita tena mu njia ya miguu."

Domitille alimwita Mukalay, akamwambia mbele ya Yolande, maneno machache. Kijana alisikiliza, akaangalia mikono yake, akainusa bila kukusudia.

"Nilimupiga," alisema. "Ule mutu. Nilimupiga mu kinywa."

"Ninajua. Sasa piga kasia. Lucien, unaenda naye."

"Mama Inspekta, mi na mayi..."

"Mutoto eko mzima, Lucien. Furahi ukiwa mu bwato."

Walirudi jua likiwa bado juu, Lucien ameshika pande zote mbili za mtumbwi na macho yamefungwa, na kwenye ncha ya mbele msichana mdogo aliyevikwa blanketi kama askofu, akimcheka waziwazi kwa mdomo usio na meno ya mbele. Wanawake wakapiga vigelegele. Mukalay aliruka majini, akambeba hadi nchi kavu, kisha akaenda mwenyewe kufungua stoo. Alichomwambia Omer pale mlangoni hakuna aliyesikia, ila walionekana wameshikana mikono kwa muda mrefu, na Mukalay ndiye aliyekuwa analia.

Tata Kyungu akaamuru kwanza watu wale. Bukari ikaletwa, ule ugali wa kwao, samaki, sombe ya majani ya muhogo. Omer alinawa, akala kidogo, akashukuru. Halafu, wakubwa wakiwa wamekaa na mtoto amepelekwa kucheza, akatua mzigo wake. Zéphirin, yaya yake wa tumbo moja, alifukiwa na shimo Mutoshi, pamoja na wenzake watatu. Walimfukua, wakamzika vizuri, padri alikuja.

"Hakuwasahau," alimwambia Yolande. "Kila simu kwetu: mama eko Nzilo, kuko mama muzuri anamulea, akikomaa mutamuona. Lakini simu na majina ya kijiji vilibakia naye mu shimo. Tulijua tu Nzilo. Njo maana niliuliza ovyo; kwetu haiko heshima kuita mama majina yake, ao kumuita mutoto."

Yolande alitambaa kwa magoti hadi mbele yake, akaweka kichwa chini. "Nilikutakia kifo."

"Ulikuwa unachunga mama yetu," Omer alisema. Alisema bila haraka. "Mi ningesema nini?"

Tata Kyungu akakohoa. Alimwambia Yolande kwamba kesi yake ipo, ya kusingizia mtu, na ataisikiliza siku nyingine, mchana, mbele ya wote. Yolande akaitikia. Halafu shefu akauliza lile ambalo kila mmoja aliliogopa. "Na mutoto? Ukoo unasema nini?"

"Ukoo ulinituma kumuona, nimupe salamu, nimurudishe nyumbani kama anateseka." Omer alifungua karatasi, akatoa kikwembe. "Mengine si ya mi kusema. Tumuulize mwenyewe."

Joyeuse akaitwa. Omer akapiga magoti tena, akapiga makofi pole pole kwa heshima, akamwekea kikwembe mikononi. Ulikuwa mzigo mkubwa kwake. Aliunusa kwanza.

"Juu ya nini unaniita mama?"

"Juu weye ni Kabemba. Ni majina ya mama aliyenizaa. Mama, nimekuya kukuuliza. Utaenda na mi Malemba, ao utabakia hapa?"

Yolande alikuwa ameng'ata kitambaa chake cha kichwa. Domitille, ambaye sheria ingemruhusu kusema mengi, aliangalia kucha zake.

"Kule kuko samaki?" mtoto aliuliza.

"Kuko mingi. Lualaba inapita pale."

"Lualaba hii yetu?"

"Hii hii. Mayi ikipita ku barrage, pa ukuta wa bwawa, inaenda, inaenda, inafika kwetu."

Joyeuse alifikiri, ulimi ukichungulia katika pengo la meno. "Basi ni mayi moja tu. Nitakuya nikikomaa. Sasa ninabakia na huyu, eko na baridi peke yake." Akaburuta kikwembe hadi kwa Yolande, akakitandaza juu ya mabega yake, na mwenyewe akaingia chini yake kwa upande mwingine. Kisha kichwa kikatokea, kikamtazama Omer. "Na weye uache kukaa mu udongo. Ulikula?"

Tata Kyungu alimgeukia Omer. Mtu mzima aliyepigwa, aliyefungwa, aliyetoka mbali hivyo, angeweza kubisha, na hakuna ambaye angemlaumu.

Omer alisimama, akapangusa magoti.

"Mama amesema," alijibu, akachukua ndoo ya Yolande kwenda kisimani.